Shangazi, Kiraka Changu Kimekaa Wiki Tatu Bila Jibu

Mhariri aliponikabidhi ukurasa huu aliniambia nijiandae kuulizwa kuhusu simu zilizojaa picha za harusi za watu. Barua hizo huja, sikatai. Lakini za mwezi huu zimejaa kompaila, zile programu zinazochukua msimbo alioandika binadamu na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine, na zaidi zimejaa masikitiko kuhusu watu wanaozitengeneza kwenye miradi huria. Mimi niko Kisumu, ninatuma viraka, yaani marekebisho ya msimbo, kwa Clang, mojawapo ya kompaila hizo huria, na kuhakiki vya wengine, kwa hiyo simu zitasubiri. Barua ndefu nimezipunguza, na za matusi nimezitupa.

Shangazi, amosi. Niliona Clang ikitoa onyo mahali pasipostahili. Nikairekebisha mwenyewe, nikatuma kiraka. Wiki tatu sasa, kimya. Hakuna aliyesema ndiyo wala la. Rafiki yangu anasema nikitumia jina la Kizungu nitajibiwa upesi. Ni kweli? Au nikate tamaa? — J.O., Kondele, Kisumu

Mpwa wangu, jina liache lilivyo. Kwanza huo ukimya, kwa sababu naona umelelewa vizuri na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu ukipeleka ombi kwa mkubwa unakaa pembeni ungoje akuite. Kurudirudi mlangoni ni utovu wa adabu. Kwenye LLVM, mradi unaobeba Clang, asiyerudi mlangoni huhesabiwa kuwa ameondoka. Mwongozo wa mradi unasema wazi: kiraka kisipojibiwa, kumbusha mara moja kwa wiki. Unaandika neno moja tu, "ping", na hakuna anayenuna. Wenzao wa GCC, kompaila nyingine huria, hukuambia ungoje kama wiki mbili kabla ya kuuliza tena. Wewe umemaliza tatu na hujafungua mdomo.

Umkumbushe nani, sasa? Tangu Septemba 2023 LLVM inapokea viraka kupitia tovuti ya GitHub. Roboti hubandika lebo kulingana na faili ulizogusa, na waliojiandikisha kwa lebo hiyo hupata taarifa. Tatizo ni kwamba taarifa ikienda kwa watu hamsini, kila mmoja anadhani wale arubaini na tisa wataishughulikia. Fungua historia ya mistari uliyoigusa kwa git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, uone nani ameishughulikia mwaka huu au uliopita, umtaje kwa jina na umweleze kwa sentensi moja kwa nini umemtafuta yeye. Clang ina pia faili ya wasimamizi inayoonyesha nani anashika sehemu gani. Taja mmoja au wawili. Ukitaja wanane umerudi palepale.

Sasa lile ambalo rafiki yako hakukuambia. Ulinitumia kiungo, nikakifungua kiraka. Marekebisho yenyewe ni mistari sita na ni mazuri, nakupongeza. Lakini umebadilisha pia majina ya vigezo usivyovipenda, na kihariri chako kimepanga upya nafasi za faili nzima, kwa hiyo ile mistari sita imezikwa katikati ya mamia ya mistari myekundu (iliyofutwa) na ya kijani (iliyoongezwa). Mhakiki anayefungua kitu kama hicho jioni baada ya kazi yake ya mshahara hujiambia atakirudia kesho. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa viraka vya watu wenye majina ya kila bara. Ondoa kila kitu isipokuwa ile mistari sita. Majina mapya, kama bado unayataka, ni kiraka kingine na ugomvi mwingine.

Halafu jaribio liko wapi? Kwa onyo la Clang ni faili ndogo ya C ndani ya clang/test/Sema. Mstari wake wa kwanza unaagiza %clang_cc1 iendeshwe kwa -fsyntax-only na -verify. Mahali ambapo onyo linastahili unaweka maoni ya expected-warning. Mahali ambapo halistahili huweki kitu, na onyo likijitokeza hapo jaribio linaanguka. Ukiwa na faili hiyo huhitaji kumshawishi mtu kwa maneno: ataiendesha bila marekebisho yako aone inaanguka, aiendeshe nayo aone inapita, basi. Ongeza pia mstari mmoja kwenye ReleaseNotes.rst, orodha ya mabadiliko ya kila toleo, maana watakudai tu.

Kuhusu jina la Kizungu, sitakuambia dunia ni ya haki. Nimeishi vya kutosha. Ila soma historia ya mradi huo: Wachina, Wahindi, Wajapani, Warusi, Waturuki, wamejaa tele kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Kipunguze kiraka, weka jaribio, kumbusha kila Jumatatu. Mwezi ukipita na bado kimya, niandikie. Nitakisoma mwenyewe, na nikikuta kasoro nitakuambia hadharani kama nilivyofanya leo.

Shangazi, chamgei. Nimeunda mizani ya kidijitali ya kituo cha kukusanyia maziwa, natumia Arduino Uno, kile kibao kidogo cha kompyuta. Inajumlisha gramu za kila mkulima kwenye int, aina ya nambari kamili ya lugha ya C. Akileta mtungi mmoja wa lita 20, sawa. Akileta wa pili, jumla inakuwa hasi! Nilijua hilo laweza kutokea, nikaweka kinga: kama jumla + kipimo ni ndogo kuliko jumla, washa taa nyekundu. Taa haijawahi kuwaka. Nilipochungulia msimbo wa mashine, kinga haimo kabisa, kompaila imeifuta. Nisaidie kuwaandikia watu wa GCC barua kali. — Fundi C.K., Njoro

Fundi, barua kali hiyo ilishaandikwa. Ilifika GCC Januari 2007, ikapewa nambari 30475. Mwandishi wake alikuwa ameweka kinga ya kuthibitisha kwamba a + 100 ni kubwa kuliko a, na kompaila ikaiondoa. Alikuwa mkali kuliko utakavyoweza kuwa wewe, hata ukiandika ukiwa na njaa. Watengenezaji walimjibu kwamba kiwango cha lugha ya C hakisemi kitatokea nini int inapopita kikomo chake, kwa hiyo kompaila ina ruhusa ya kudhani jambo hilo halitokei kamwe. Mabishano yakaendelea, na ripoti ikafungwa kuwa si hitilafu.

Fuata hoja yao kwenye mizani yako. Kama jumla haifuriki, yaani haipiti kikomo chake, basi jumla + kipimo itakuwa ndogo kuliko jumla pale tu kipimo kinapokuwa hasi. Kinga yako imegeuka kuwa swali "je, kipimo ni hasi?", na kompaila ikigundua kwamba hakiwezi kuwa hasi, hata hilo swali linaondoka. Arduino hutumia -Os, swichi ya kupunguza ukubwa wa programu, bila kukuuliza, yaani uboreshaji uko kazini tangu siku ya kwanza.

Tuje kwa mtungi wa pili. Int ya Uno ni ya biti 16, mwisho wake 32,767. Lita 20 za maziwa ni kama kilo 20.6, sawa na gramu 20,600. Mitungi miwili ni 41,200. Ondoa 65,536, idadi ya nambari zote zinazoingia kwenye biti 16, unapata hasi 24,336. Kama mitungi ilijaa sawasawa, nambari iliyokutoa jasho ilikuwa hiyo au jirani yake. Na usijaribu kuisaka kwa kuendesha msimbo uleule kwenye laptopu. Int ya huko ni ya biti 32, inafika zaidi ya bilioni mbili, na mizani itaonekana haina neno.

Dawa ni fupi. Jumla iwe uint32_t, nambari ya biti 32 isiyo na hasi. Itabeba gramu 4,294,967,295, zaidi ya tani elfu nne, na hakuna mkulima wa Njoro atakayekufikisha huko kwa asubuhi moja. Ukitaka kubaki na int, uliza kabla ya kujumlisha: kama kipimo kimezidi INT_MAX (kikomo cha int) ukiondoa jumla, kataa. Au tumia __builtin_add_overflow, inayojumlisha na kukuambia kama kikomo kimepitwa, iliyoingia GCC kwenye toleo la 5. Ipo pia swichi ya -fwrapv, inayoiamuru kompaila ikubali kwamba nambari ikipita kikomo huzunguka na kuwa hasi. Kwa swichi hiyo taa yako ingewaka. Mkulima bado angekuwa hana jumla, lakini taa ingewaka.

Mimi niko upande gani? Nusu kwa nusu, wala sioni haya. Dhana kwamba nambari haifuriki humsaidia kompaila kujua kitanzi kitazunguka mara ngapi, na programu inaenda kasi kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 2009 dhana ya ukoo huohuo iliwachoma watu wa mfumo endeshi wa Linux. Ndani ya sehemu inayoitwa tun, msimbo ulisoma kupitia kielekezi, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, kwanza, halafu ndipo ukauliza kama kielekezi ni tupu. GCC ikasema: kama umeshakitumia, hakiwezi kuwa tupu, ikafuta swali. Pengo hilo likawa njia ya mtu wa kawaida kujipatia mamlaka yote ya mashine. Tangu hapo kiini cha Linux hujengwa kwa -fno-delete-null-pointer-checks, swichi inayokataza kufuta maswali hayo, na hao si wanagenzi. Ukiwa na matumaini kwamba kiwango kitabadilika, C23, toleo la kiwango cha C, hatimaye imekubali kwamba nambari hasi zote zina mtindo mmoja wa kuandikwa, lakini kufurika kumeachwa vilevile. Usingoje kuhurumiwa.

Ningependa kompaila ipige kelele inapofuta kinga ya mtu. Swichi ya onyo ya -Wstrict-overflow ilijaribu, ikawapigia kelele hata wasio na hatia, watu wakaizima. Ukiwa na wazo bora kuliko hilo, hiyo ndiyo barua ya kuandika, na nitaisaini pamoja nawe.

Na usinielewe kwamba kompaila hazikosei. Csmith, programu ya Chuo Kikuu cha Utah inayobuni programu za C kiholela, ilikuwa imefichua hitilafu zaidi ya 325 kufikia 2011. Siku ukipata ya kweli, jaribu kwanza swichi za -fno-strict-aliasing na -fwrapv, zinazoizuia kompaila kudhani mno. GCC wenyewe wanasema kama matokeo yanabadilika, basi yamkini kosa ni lako. Yasipobadilika, punguza msimbo kwa C-Reduce, programu ya kazi hiyo, hadi ibaki mistari kumi hivi, andika toleo, swichi na aina ya kichakataji, ulichotarajia na ulichopata. Hasira iache Njoro.

Dada mwandishi, naona vijana wanakuita Shangazi. Umri wangu hauniruhusu. Mwanangu alimaliza chuo, yuko nyumbani. Anakesha hadi saa tisa usiku akiandikiana na watu wa Ujerumani na California, mara wamemkosoa, mara amewakosoa. Anasema ni mambo ya "kompaila". Halipwi. Mama yake anasema ametekwa na matapeli. Hiyo ni kazi kweli? — Mzee E.A., Luanda, Vihiga

Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima. Bila shaka umehudhuria baraza ambapo afisa anazungumza lugha isiyojulikana kijijini na mkalimani amesimama kando. Kompaila ndiye huyo mkalimani. Mwandishi wa programu anasema yake, mashine inaelewa yake, na anayesimama katikati akikosea neno, kosa linafika kwa kila aliyehudhuria. Kama simu yako ni ya Android, sehemu kubwa ya mfumo wake imepitia Clang. Hivyo kosa analosahihisha mwanao pale Luanda laweza kuwa ndani ya simu uliyoshika.

Matapeli sidhani. Mradi huria wa kweli haudai ada ya kuingia. Siku atakapoambiwa atume pesa za usajili kwa M-Pesa, mama yake atakuwa na haki na wewe uzime hiyo kompyuta.

Kuhusu malipo nitakuambia bila kupaka rangi. Wengi wa wanaotuma viraka kila siku wameajiriwa na kampuni kama Apple, Google, Arm, Intel, Red Hat na SUSE, kwa sababu kompaila ni chombo cha kazi yao. Anayeanza bila mwajiri ana njia chache: Google Summer of Code, iliyoanza 2005, hulipa wanagenzi kwa miezi michache, na LLVM na GCC zote zimekuwa zikipokea watu kupitia hapo, Outreachy nayo hulipa wale ambao fani hii imezoea kuwaacha nje. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Kinachomtofautisha mtu ni kuwa jina lake tayari liko kwenye historia ya mradi, mahali ambapo mwajiri yeyote anaweza kulisoma pamoja na namna alivyojibu alipokosolewa. Kwa hiyo hayo mabishano si upuuzi, ila tu kama yanaishia kwenye kazi.

Mwambie akuonyeshe jina lake kwenye historia hiyo. Likiwepo, hata kwa mistari mitatu, mvumilie mwaka mmoja, huku asubuhi akishika jembe kama wengine. Lisipokuwepo na miezi imepita, keti naye.

Na kukesha akome. Saa mbili usiku kwetu, katika kiangazi chao, California ni saa nne asubuhi na Ujerumani ni saa moja jioni. Saa tisa ya usiku kwetu California ni saa kumi na moja jioni, watu wanafunga ofisi. Hakuna mhakiki aliyemwomba akeshe. Jibu likija usiku litamkuta asubuhi baada ya uji.

Shangazi, kiraka changu cha kwanza kiliingia Jumanne jioni. Nikaweka kwenye status, watu wakanipongeza. Usiku uohuo mtu nisiyemjua akakiondoa bila hata kuniuliza. Nimeaibika. Nifanye kana kwamba sikuwahi kuwepo? — N.W., Bungoma

Status usiifute, mpwa. Kiraka kikishaingia LLVM hujengwa na kujaribiwa upya na mashine nyingi za aina tofauti: Windows, Arm, PowerPC, na nyingine ambazo hakuna aliyenazo nyumbani. Zikianza kuanguka, kazi ya kila mtu inakwama, kwa hiyo kanuni ni kurudisha mradi kwenye hali nzuri haraka, kisha ndipo aliyevunja atafute sababu kwa utulivu. Kuondoa kiraka hakuhitaji ruhusa yako, na wakongwe huondolewa vyao pia. Anachodaiwa aliyeondoa ni kueleza kwa nini na kuacha kiungo cha kosa. Naona aliacha.

Nimeusoma huo ukurasa. Jaribio lako linategemea long, aina nyingine ya nambari kamili, kuwa ya biti 64, jambo ambalo ni kweli kwenye Linux yako lakini si kweli kwenye Windows, ambako long ni ya biti 32. Ongeza -triple x86_64-linux-gnu, inayotaja mashine inayolengwa, kwenye mstari wa kuendesha jaribio, mshukuru aliyeondoa, tuma upya ukieleza kilichobadilika. Kazi ya nusu saa. Siku kiraka chako kitakapovunja kitu kisha kikae humo siku nne bila mtu kugundua, hapo ndipo utajua aibu.

Mulembe Shangazi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Nikijenga LLVM inaganda, na umeme hukatika kabla haijaisha. Nimeshindwa hata kuanza. — Mwanafunzi, Kakamega

Nahisi unajenga kwa hali ya Debug, ile ya kutafutia makosa, ambayo inameza makumi ya gigabaiti na kuiua mashine wakati wa kuunganisha. Chagua Release, uwashe LLVM_ENABLE_ASSERTIONS. LLVM_ENABLE_PROJECTS iwe clang peke yake, LLVM_TARGETS_TO_BUILD iwe X86 peke yake, LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS iwe 1, na kiunganishi kiwe lld. Kisha endesha ninja, programu inayoongoza ujenzi, kwa -j2 (kazi mbili kwa wakati mmoja) ukalale. Umeme ukikatika, washa tena uendeshe amri ileile: ninja haianzi upya, inaendelea na faili zilizobaki. Weka na ccache, inayohifadhi yaliyokwisha kujengwa, utanishukuru ukibadilisha tawi.

Kupakua nako, tumia git clone kwa --depth 1 ili bando isiishe. Historia hutakuwa nayo, kwa hiyo ile git blame niliyomwambia J.O. utaitazama kwenye GitHub, au siku ukipata waifai ya chuo uvute iliyobaki kwa git fetch --unshallow. Na asiye na laptopu kabisa asiachwe: Termux kwenye simu ya Android inaendesha clang vizuri, na ripoti nzuri ya hitilafu yenye mistari kumi inaweza kuandikwa humo.

Mbona kuna kompaila kubwa mbili za bure, GCC na LLVM? Si wangeungana? Na ipi haina siasa? — S.M., Section 58, Nakuru

Isiyo na siasa haipo. GCC ilitolewa na Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati ya programu huria, mwaka 1987. Kufikia 1997 watu walikuwa wamechoka kungoja viraka vyao vikubaliwe, kundi likajitenga na kuanzisha EGCS, likawa linapokea kazi kwa uwazi zaidi. Mwaka 1999 waliojitenga ndio waliokabidhiwa jina: EGCS ikafanywa GCC rasmi. Napenda sana kisa hicho, maana waliogoma walirudi wakiwa wenye nyumba.

LLVM ilianza Desemba 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwa mikono ya Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve, na toleo la kwanza likatoka 2003. Kuungana kulikaribia kutokea. Mwaka 2005 Lattner aliwaandikia watu wa GCC kwamba, wakitaka LLVM iwe sehemu ya GCC, anaamini hata hakimiliki ingeweza kukabidhiwa Free Software Foundation, shirika alilolianzisha Stallman. Jambo likafifia. Miaka kumi baadaye, 2015, Stallman alisema hakuwahi kuiona barua hiyo. J.O. wa Kondele asidhani ni yeye peke yake.

Leo kinachozitenganisha zaidi ni leseni. GCC iko chini ya GPL toleo la 3: ukiibadilisha na kuisambaza, toa na msimbo wako. LLVM tangu 2019 iko chini ya Apache 2.0 yenye nyongeza zake, na kampuni inaweza kuichukua, kuibadilisha na kufunga mlango. Kwa kijana wa Nakuru tofauti kubwa ilikuwa makaratasi. Mpaka 2021 mchango wa maana kwa GCC ulihitaji kukabidhi hakimiliki kwa maandishi. Sasa unaweza kuweka mstari wa Signed-off-by ukathibitisha kwamba kazi ni yako, mambo yakaisha.

Siasa za watu nazo hazikosi. Mwaka 2018 mmoja wa wachangiaji wakubwa wa LLVM aliondoka akipinga kanuni za maadili za jumuiya, na Novemba 2021 timu nzima ya kusimamia maadili kwenye mradi wa lugha ya programu ya Rust ilijiuzulu kwa pamoja. Chagua mradi ambao hitilafu yake inakuumiza wewe, siasa utazikuta ukifika.

Nimpe akili mnemba iniandikie kiraka? — B., Kakamega

Soma sera ya mradi husika kwanza, maana hazifanani. Mimi nikihakiki huuliza: kwa nini mstari huu na si ule? Anayejibu kwa kunibandikia jibu la mashine, simhakiki tena. Muda wangu ni uleule, kiraka kiwe kimeandikwa kwa dakika moja au kwa mwezi.

Mpendwa Shangazi, nafundisha kompyuta. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wakiona ujumbe wa kosa kwa Kiingereza wanaganda kabla ya kuusoma. Kompaila haiwezi kusema Kiswahili? — Mwalimu, Siaya

Mwalimu, GCC inaweza, kwa maana kwamba njia imeshachimbwa. Ujumbe wake hupitia gettext, chombo cha kutafsiri programu, sehemu kubwa hukusanywa kwenye faili moja, na watu wa kujitolea huutafsiri kupitia Translation Project. Wajerumani, Wafaransa na Waswidi huusoma kwa lugha zao kwa kubadilisha mpangilio wa lugha ya mashine. Clang haina utaratibu huo. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza moja kwa moja ndani ya faili zake za maelezo ya makosa. Kwa hiyo GCC.

Faili ina maelfu ya sentensi, na nyingi mwanafunzi hatakutana nazo maishani. Anza na hamsini anazokutana nazo kila wiki: nukta-mkato iliyosahaulika, kigezo kisichotangazwa, mabano yasiyofungwa, aina zisizolingana. Alama kama %qs ndani ya sentensi usiziguse, maana hapo ndipo GCC hupachika jina la kigezo. Wape Kidato cha Tatu wazisome. Sentensi wasiyoielewa, ibadilishe hata kama kamusi iko upande wako. Ukizimaliza kabla ya shule kufungwa nitumie, nizipitie kisha tuzipeleke pamoja, na tukikaa wiki mbili bila jibu tutakumbusha.